Dizeli ya Safari ya Kalemela

Sifa ni kwa Mungu aliyeyatenga maji na nchi kavu, akakipa kila kitu mahali pake, akatujalia na barabara ya lami juu ya tope jeusi la mbuga. Ananipa pumzi kila asubuhi bila kuniuliza nitaitumiaje. Namshukuru kwa umri, kwa mke niliyezeeka naye, na kwa magoti ambayo bado hukunjika, niwe kanisani au niwe chini ya gari. Nikishamshukuru hivyo, naomba ruhusa nisimulie habari ya dizeli.

Gari lenyewe ni lori dogo lenye nyumba mgongoni. Ndani mna kitanda, jiko la gesi, sinki, kabati la vyombo na dirisha lenye pazia la kitenge alilolishona mke wangu. Padri mmoja mgeni aliyekaa nasi miaka mingi alilitumia kwenda vigango vya mbali, akalala humo, akapika humo, akasomea Misa mlangoni pake. Alipozeeka akarudi kwao, gari akaliachia parokia. Paroko akaniita. Alijua kwamba ujanani niliendesha malori ya pamba, na kwamba baadaye nilikuwa katekista mpaka nikastaafu.

"Unajua injini na unajua katekisimu," aliniambia. "Mwingine wa namna hiyo nimtoe wapi hapa Bariadi?"

Basi tukawa sisi, mimi na mke wangu, wazee wawili wenye nyumba mbili, moja ya matofali na moja ya magurudumu. Kiangazi kikiingia tunakwenda vigango vya Maswa na Meatu. Mimi nafundisha watoto wa kipaimara, mke wangu anakaa na akina mama. Watoto wa vijijini huliita gari letu kaya inayotembea. Mzee mmoja wa Kimali, kule Meatu, alilizunguka huku amefunga mikono nyuma, akachungulia chini, akachungulia juu, kisha akaniuliza, "Mwenye kaya hii, ng'ombe wake anawalaza wapi?"

Nikamwambia, "Ng'ombe ni huyu wa mbele. Anakunywa dizeli."

"Basi mnyweshe vizuri," akasema. "Ng'ombe wa kunywa maji machafu hafiki mnadani."

Mzee yule hakuwahi kuendesha hata baiskeli, lakini alisema jambo ambalo kila mwenye gari kama letu anapaswa kulijua. Basi la abiria halina shida hiyo. Linajaza asubuhi, jioni mafuta yamekwisha, kesho linajaza mengine. Nyumba ya magurudumu husimama kuliko inavyotembea. Masika yakianza, barabara za Meatu zinageuka uji, nasi tunaliegesha uani wiki baada ya wiki. Dizeli inakaa tangini bila kazi, na kitu kikikaa bila kazi kinatafuta maovu.

Maovu yenyewe huanza na maji. Tangi likiwa nusu, sehemu ya juu imejaa hewa. Usiku bati linapoa, hewa ile inatoa jasho, na matone yanateleza mpaka chini, maana maji ni mazito kuliko dizeli. Pale maji na dizeli vinapopakana huzaliwa viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho. Wenye magari wanaviita mwani. Mimi sibishani nao kwa jina, ingawa mwani hupenda jua, na ndani ya tangi ni giza tupu. Hawa ni jamaa ya ukungu unaoota juu ya mkate. Wanaishi ndani ya maji na kula dizeli, na wakizidi hutengeneza utando mweusi, mlaini, unaovutika kama kamasi. Utando huo ukifika kwenye filta, injini inakosa pumzi.

Kwa hiyo nilijiwekea taratibu. Kabla ya kuliegesha gari kwa masika, najaza tangi mpaka shingoni, hewa isipate pa kukaa. Nanunua mafuta kwenye kituo ambacho malori hupanga foleni, kwa sababu mafuta yake hayapati muda wa kuzeeka. Nikikuta lori la mafuta ndiyo kwanza linamwaga kituoni, naahirisha mpaka siku nyingine, kwani wakati huo uchafu wa chini unakuwa umetibuliwa. Situmii dumu lililowahi kutiwa mafuta ya pamba ya kupikia, hata likioshwa kwa sabuni gani. Pia kuna dawa ya kuua vile viumbe, natia kidogo kama ilivyoelekezwa kwenye chupa. Na kila Jumamosi nawasha injini kidogo, kisha naingia chini, nalegeza koki ya kile kikombe kilicho chini ya filta, nakinga mafuta kwenye chupa ya kioo iliyokuwa ya jemu. Nainyanyua juani. Yakiwa safi, yanang'aa kama chai ya rangi isiyokolea. Yakiwa na maji, maji yanaonekana yamejilaza chini peke yake.

Mke wangu alikuwa na usemi wake juu ya kazi hiyo. Akina mama wa jumuiya wakipita na kuuliza nilipo, aliwajibu, "Jumamosi watu wengine huenda kuungama. Mume wangu huungamisha gari."

Sasa nifike kwa mlamu wangu, dada mkubwa wa mke wangu, maana habari hii ni yake zaidi kuliko ya gari.

Mlamu ni mtu wa Kimali. Amelima pamba na mtama maisha yake yote, na miaka ya karibuni mgongo umemkamata. Anasimama, anatembea kidogo kwa fimbo, analala vizuri. Kinachomshinda ni kukaa kitako. Akikaa muda mfupi tu, miguu inakufa ganzi na maumivu yanampanda mpaka anatokwa machozi. Huyu mlamu alifiwa na binti yake zamani, akaachiwa mjukuu wa kiume anayenyonya. Akamlea kwa maziwa ya ng'ombe na uji wa mtama. Akamsomesha. Mtoto akaingia seminari, akaenda, akaenda, na mwaka ule Baba Askofu akatangaza kwamba mwezi wa sita atapadrishwa. Upadrisho ukapangwa kufanyika Kalemela, kule Busega, parokia ya upande wa baba yake.

Kutoka Meatu mpaka Kalemela kwa basi ni kukaa kitako tangu mwanzo hadi mwisho. Mlamu alijua hawezi. Wakati wa Kwaresima aliletwa kwetu Bariadi kutibiwa mgongo, akiwa amelazwa nyuma ya gari la jirani lililobeba magunia. Jambo la kwanza aliloliuliza baada ya salamu lilikuwa juu ya kitanda cha kwenye gari letu.

"Mlamu, kile kitanda kinalalika gari likienda?"

"Kinalalika."

"Mtu haanguki?"

"Kuna mbao ya kuzuia. Padri alilala humo miaka mingi, na alikuwa mnene kuliko wewe."

Akacheka, kisha akashika mkono wangu. "Basi mimi sina gari lingine duniani. Nikikosa hilo, mjukuu wangu atapadrishwa mimi nikiwa nimelala kwako naangalia dari."

Nikamwahidi. Mtu akikuambia hivyo, unafanya nini zaidi ya kuahidi? Tangu siku hiyo nikaitazama dizeli ile kwa macho mengine. Haikuwa tena mafuta ya safari za vigango. Ilikuwa imebeba furaha ya bibi mmoja, na furaha ile isingepata siku ya pili.

Jumamosi ya kwanza baada ya mlamu kuja, nikaingia chini ya gari kama kawaida. Nikainyanyua chupa juani, nikakuta maji. Hayakuwa mengi, kiasi cha kijiko. Nikasema ni jasho la tangi. Jumamosi iliyofuata nikakuta mengine, na iliyofuata pia. Nikakagua mpira wa mfuniko, ulikuwa mzima. Nikafunika mfuniko kwa nailoni wakati wa mvua. Nikaongeza dawa. Maji yakaendelea kuja kama wageni wa msiba.

Nilitamani kufungua nati ya chini ya tangi nimwage yote, lakini iliganda kwa kutu tangu enzi za padri, na nikaogopa kuilazimisha isije ikapasua tangi. Nikaenda kituo cha mafuta na chupa yangu ya jemu, nikamwonyesha kijana wa pampu. Aliigeuzageuza kwa heshima zote.

"Shikamoo, babu. Hii dizeli ya kwetu umenunua lini?"

"Kabla ya Kwaresima."

"Babu, siku ile walijaza hapa malori ya mahindi na mabasi. Ingekuwa na maji, mpaka leo yangekuwa yamesimama hapo nje yakinitukana. Labda gari lako linatoka jasho la kuogopa mahubiri."

Nikacheka nikarudi nyumbani. Mke wangu alikuwa anaanika michembe ya viazi uani, mlamu amesimama karibu naye ameegemea fimbo.

"Umepata jibu?" mke wangu akauliza.

"Wanasema gari linaogopa mahubiri."

"Hata mimi huyaogopa yakizidi," akasema mlamu, nao wakacheka wote wawili, dada na dada, kicheko kimoja.

Pasaka ikapita. Mvua zikakoma, mbuga ikakauka na kupasuka, pamba ikaanza kufunguka mashambani. Mimi nikaendelea kukinga, nikaendelea kumwaga. Nilinunua filta moja ya akiba. Nikajaza dumu jipya la plastiki kwa dizeli iliyochujwa kwenye kitambaa kizito, nikalifunga, nikaliweka ndani kivulini. Kwa macho yangu nilikuwa nimefanya yote.

Tulitaka kuondoka siku moja kabla, lakini siku hiyo mlamu alikuwa na miadi ya hospitali ambayo daktari hakutaka ikoswe. Tukapanga kuondoka alfajiri ya siku yenyewe. Misa ilikuwa saa nne, na kutoka Bariadi mpaka Lamadi ni lami nzuri, kisha unafuata njia ya Mwanza na kushuka upande wa ziwa. Hata kwa mwendo wa mzee, muda ulitosha na kubaki.

Alfajiri ile mlamu alivaa gauni jipya la kitenge chenye picha za kikombe na ngano, ambalo ukoo mzima ulikuwa umeshona sare. Tukampandisha kitandani kwa uangalifu. Mke wangu akakaa mbele nami. Kati ya chumba cha dereva na nyumba kuna kidirisha, kwa hiyo tuliongea sote watatu kama tuko sebuleni.

"Mwangaluka, abiria," nikamsalimu kupitia kidirisha.

"Mwangaluka, dereva. Twende, usiniimbie."

Tukatoka. Jua likachomoza nyuma yetu, mashamba ya pamba yakaanza kuonekana meupe pande zote. Mlamu aliimba nyimbo za kanisa kwa Kisukuma, akiruka beti asizozijua. Tukapita Dutwa. Tukiwa tumeiacha nyuma kidogo, gari likakohoa. Nikakanyaga, likakubali. Likakohoa tena, likapungua nguvu kama ng'ombe wa jembe aliyechoka, nikalisogeza pembeni, likazima.

Wimbo wa nyuma ukakatika.

"Tumefika?" mlamu akauliza.

"Bado, mlamu. Tunapumzisha ng'ombe."

Nikashuka, nikafungua filta. Ilikuwa imejaa utando mweusi. Nilipoivuta, ulining'inia kwenye vidole kama bamia. Nikaelewa lililotokea, ingawa sikuelewa lilikotoka. Gari liliposimama uani ule uchafu ulilala chini ya tangi, na mimi nilikuwa nakinga mabaki yake tu kila Jumamosi. Mtikisiko wa barabara ulikuwa umeuchokoa wote. Nikaweka filta ya akiba, nikapiga pampu ya mkono kutoa upepo kwenye mabomba, nikawasha. Likawaka vizuri.

"Asante Mungu," akasema mke wangu.

"Nilijua litawaka," ikasema sauti ya nyuma. "Hilo gari haliwezi kufa."

Tukaenda mwendo mfupi. Likakohoa tena, likazima tena.

Safari hii nilikaa kidogo na mikono juu ya usukani. Filta nyingine sikuwa nayo. Basi la Lamadi likatupita, likapunguza mwendo, kondakta akatoa kichwa. "Wazee, mnakwenda? Nafasi zipo mbili!" Nikatazama nyuma kupitia kidirisha. Mlamu alikuwa amegeuza uso ukutani.

"Pandeni ninyi," akasema. "Mtoto asikose mtu wa upande wa mama yake. Mimi niacheni hapa. Nimeshamlea, yatosha."

"Dada," mke wangu akasema, "usiongee hivyo."

"Naongea ukweli. Nikikaa kwenye kiti cha basi sifiki nikiwa na akili zangu."

Nikampungia kondakta aende zake. Basi likaondoka. Nikazunguka nyuma, nikafungua mlango, nikamkuta anajifuta macho kwa ncha ya mtandio.

"Mlamu," akaniambia, "sielewi. Nililiombea gari hili. Nililitia na maji ya baraka."

"Ulilinyunyizia? Vizuri. Hata Baba Paroko alilinyunyizia."

"Kunyunyizia nje kunasaidia nini? Linaoga, halinywi. Nililitia mdomoni."

Mke wangu, aliyekuwa amesimama nyuma yangu, akashika mdomo wake kwa mikono yote miwili.

"Mdomoni wapi?" nikauliza, ingawa moyo wangu ulikuwa umeshajua.

"Pale unapotia mafuta. Ufunguo si uko kwenye msumari wa jikoni? Jumapili mkienda jumuiya, mimi nabaki peke yangu. Mdogo wangu ananiletea chupa ya maji ya baraka kutoka kanisani, maana siwezi kukaa Misa nzima. Nakunywa kidogo, najipaka mgongo, na kinachobaki nalipelekea gari. Kikombe cha chai tu."

"Kila Jumapili?" mke wangu akauliza kwa sauti nyembamba.

"Kila Jumapili. Na Pasaka nikaongeza, kwa sababu ya sikukuu."

Kicheko kilichomtoka mke wangu sijawahi kukisikia tangu tuoane. Alikaa chini kwenye ngazi ya gari na gauni lake jipya. Mimi nilitaka kuwa mkali kidogo, nikashindwa. Miezi yote ile tulikuwa tukishindana bila kujuana, yeye Jumapili anatia, mimi Jumamosi natoa. Kwetu, mtu mzima akimtakia mwingine safari njema, huchukua maji akamwombea kwayo, tangu zamani kabla ya dini kutufikia. Mlamu alikuwa amefanya walivyofanya mama zake, akaongeza na Ukristo wake juu, na kilichomponza ni kuwa gari si ng'ombe.

Lakini yeye hakucheka. Alipoona kicheko cha mdogo wake akaelewa, uso ukamshuka.

"Basi mimi ndiye niliyejizuilia njia," akasema.

Nikapanda ndani, nikapiga goti karibu na kitanda. "Mlamu, sikiliza. Mungu alisikia sala zako zote, ila tangi halikusikia. Maji yale yangefaa mgongo wako. Dizeli na maji haviishi pamoja, hata maji yawe yamebarikiwa na nani. Sasa nipe muda kidogo, na wewe endelea na ule wimbo. Beti usizozijua ziruke."

"Utafanya nini?"

"Nitalikataza gari kunywa tangini."

Hii ni mbinu ya madereva wa pamba wa zamani, wa enzi tulizobeba marobota kwenye njia zisizo na fundi. Nililitoa lile dumu la dizeli safi. Kwanza nikamwaga kidogo kwenye sufuria ya mke wangu, nikaiosha humo ile filta, nikaisuuza tena na tena mpaka utando ukaacha kutoka, nikairudisha mahali pake. Kisha nikachomoa bomba linalotoka tangini, nikaunga mpira, nikaupitisha dirishani mpaka kwenye dumu. Mpira mwingine nikauunga kwenye bomba la kurudisha, mafuta yanayobaki yarudi dumuni badala ya kuchafuka tangini. Dumu nikaliweka miguuni pa mke wangu.

"Lishike kama mtoto," nikamwambia. "Shingo yake isiinamie upande. Na mipira isichomoke."

"Gauni langu la sare."

"Litanukia dizeli kidogo."

"Litanukia! Nitakaa na akina mama wa Kalemela nikinuka kama kituo cha mafuta, halafu waseme watu wa Bariadi hawaogi."

Hata hivyo akalikumbatia. Nikapiga pampu, nikatoa upepo, nikawasha. Injini ikakohoa mara ya mwisho, ikatulia, ikaanza kunguruma kama kawaida yake. Nilisikiliza kidogo nikiwa nimeinamisha kichwa. Dizeli safi ina sauti yake, haigugumii.

Tangi lile nililishusha baadaye, tulipokwisha kurudi, nikalifungua kwa msaada wa fundi wa kuchomelea baada ya kuliosha na kulikausha kabisa. Katika kuliosha lilitoa tope jeusi la kutosha kupandia mchicha. Lakini asubuhi ile sikutaka hata kuliwaza. Tulipita mashamba, tukapita wachunga ng'ombe waliosimamisha mifugo pembeni, tukafika Lamadi, tukakata kona. Mke wangu hakunyanyua macho kwenye dumu njia nzima. Kila nilipouliza, alijibu, "Amelala, endesha."

Nyuma mlamu hakuimba tena. Nilimsikia akisali rozari polepole, na kila akifika mwisho wa fungu anauliza, "Saa ngapi?" Saa nne ilitukuta bado njiani. Tulimwambia ukweli. Akaanza fungu lingine.

Kalemela tulifika Misa imeshaanza. Kanisa lilikuwa dogo kwa umati ule, kwa hiyo altare ilijengwa nje kwenye kiwanja, chini ya maturubai. Baba Askofu alikuwa katikati ya mahubiri. Kijana mwenye utepe begani akakimbia kutuzuia.

"Mzee, magari yote yanaegeshwa kule kwenye uwanja wa mpira."

"Kijana wangu, ndani ya hili amelala bibi yake huyo anayepadrishwa. Hawezi kukaa, na kutoka uwanja wa mpira hataona kitu."

Akachungulia kwa dirisha. Mlamu akamwinulia mkono. "Shikamoo, bibi," kijana akasema pale dirishani, kisha akageuka akakunja uso kama mtu anayebeba mzigo mzito. "Rudi nyuma polepole. Nyuma ya wanakwaya. Usipige honi, na usizime kwa kishindo."

Akaniongoza kwa mikono, kidogo kidogo, waimbaji wa sauti ya pili na ya tatu wakisogeza viti vyao kutupisha. Nilipofungua mlango wa nyuma, altare ilikuwa mbele kabisa ya kitanda, haikuzuiwa na kitu. Tukamgeuza mlamu kwa ubavu, tukamwekea mto chini ya shavu. Mjukuu wake alikuwa amekaa pale mbele na kanzu nyeupe, mgongo umenyooka. Hakutuona. Alikuwa anamtazama Askofu.

Mahubiri yakaisha. Mjukuu akasimama mbele ya Askofu, akaulizwa maswali ya viapo, akajibu kila moja kwa sauti tuliyoisikia vizuri. Kisha kwaya ikaanza kuimba litania ya watakatifu, na yeye akashuka ngazi ya altare, akalala kifudifudi kwenye mkeka, uso chini, mikono imekunjwa chini ya paji la uso, mbele ya umati wote uliopiga magoti.

Mlamu akanishika mkono kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo.

"Mlamu," akanong'ona, "na yeye amelala."

"Ndiyo. Ndivyo inavyokuwa."

"Wote wamepiga magoti. Tuliolala ni mimi na yeye tu."

Mke wangu, amesimama kwenye ngazi na gauni lililolowa dizeli kifuani, alikuwa analia bila kujificha. Majina ya watakatifu yakaendelea kuitwa moja baada ya lingine, watu wakiitikia, na mlamu aliitikia pamoja nao akiwa amelaza shavu kwenye mto, bila kuruka hata jina moja.

Baada ya Misa padri mpya alianza kutoa baraka zake za kwanza. Alimbariki baba yake, kisha akageuka akitafuta upande wa mama. Wanakwaya wakamwelekeza kwa vidole. Alikuja mbio na mavazi yake mapya, akayakusanya kwa mkono mmoja, akapanda ngazi, akaingia ndani mle, kichwa kikigusa dari. Alipiga magoti pembeni ya kitanda akitaka yeye kwanza abarikiwe na bibi yake. Bibi akakataa.

"Mimi nimekubariki tangu hujaota meno. Leo zamu yako. Wabeja, asante mwanangu. Nibariki nikiwa nimelala hivihivi."

Akaweka mikono yote miwili juu ya kichwa chake. Mikono ile ilikuwa bado inang'aa mafuta matakatifu. Sisi tulishuka tukawaachia nafasi.

Nawe uliyenisoma mpaka hapa, Mungu akukumbuke. Akulinde uwapo njiani na uwapo umesimama. Unachokiandaa kwa subira akifikishe, na unachokosea kwa kupenda akitengeneze, hata kama ni pembeni ya barabara. Wazee wako wakuone katika siku yako njema, wakiwa wamesimama, wamekaa, au wamelala. Amina.